Mathe wa Ushago Anasema Mvua Imekaribia? Soma Hii Kabla Useme Utatuma Doo ya Mbegu Mwisho wa Mwezi

Uko zako Kayole ama Githurai, simu inalia. Ni mathe kutoka Tawa, kule Mbooni, Makueni. "Mwanangu, huku jua limekuwa kali na upepo hautulii. Mvua imekaribia. Tuma pesa ya mbegu."

Unacheki salio, unajiambia hii kitu inaweza kungoja. Hapo ndipo wasee wengi huchomeka. Mathe ako right kuhusu msimu, lakini upepo huo haumwambii tarehe. Tuelewane pole pole.

Mbona joto limerudi ghafla?

Kuanzia Juni hadi Agosti, upepo wa kusi huleta hewa baridi kutoka Bahari Hindi. Milima ya Mbooni inavaa mawingu ya chini, manyunyu ya asubuhi, jua linachungulia saa sita ndio hilo. Sweta haitoki mwilini.

Septemba ikifika mwisho, mambo yanabadilika. Jua linavuka ikweta kuelekea kusini tarehe 22 au 23. Tawa iko chini ya nyuzi 2 kusini mwa ikweta, kwa hivyo siku kama tano baadaye jua linapita utosini kabisa. Simama nje mwendo wa saa sita na dakika ishirini mchana, utaona kivuli chako kimejificha chini ya viatu. Mawingu nayo yamepungua na shamba halina majani. Huko chini, Kibwezi na sehemu za Kitui, joto la mchana hugonga nyuzi 30.

Na huo upepo je?

Asubuhi kumetulia. Kufika saa tano, udongo umechemka, hewa ya chini inapanda juu, na ile ya juu yenye kasi inashuka kuchukua nafasi yake. Kusi pia bado haijaondoka. Ndio maana mchana vumbi linaruka, mabati yanapiga kelele, na chamchela inazunguka uwanjani na mifuko ya plastiki. Jua likizama, ardhi inapoa na upepo unalegea.

Ukiskia watu wa hali ya hewa wakisema "vipindi vya jua na upepo mkali" kwa nyanda za chini za kusini-mashariki, hiyo ndiyo wiki yenu. Idara ya Hali ya Hewa ikitoa onyo la upepo unaozidi noti 25, hiyo ni kama kilomita 46 kwa saa. Si siku ya kuchoma takataka za shamba, mse. Moto utahama bila kuuliza.

Hata hivyo, upepo huu wa kukausha nguo kwa nusu saa unakausha udongo vile vile. Unapeleka maji angani. Haujaleta mvua bado.

Sasa mvua iko wapi?

Mvua hufuata jua, lakini huchelewa wiki kadhaa. Lazima kusi ilegee, kaskazi ianze, na pepo za pande mbili zikutane juu yetu. Kwa Ukambani hiyo huwa mwisho wa Oktoba hadi mwanzo wa Novemba. Inashika kasi Novemba na mara nyingi Desemba inaisha ikiwa imeenda.

Wakamba wanaiita nthwa, na ndio mvua wanaitegemea sana kuliko ile ya Machi. Ukiikosa, ghala linabaki tupu miezi mingi.

Bahari nayo ina usemi. Maji ya upande wetu wa Bahari Hindi yakiwa moto kuliko kawaida, kunanyesha vibaya, kama 2019. Yakipoa, tunaumia, kama 2022, mwaka mkaukaji uliomalizia misururu ya misimu mitano mibovu iliyoanza 2020.

Mtego uko hapa

Katikati ya Oktoba inaweza kupiga mvua moja ya nguvu. Kila mtu anafurahi, mbegu inaingia, inaota. Halafu siku kumi za jua na upepo kama huu. Miche yote kwisha, na mathe anapiga simu tena kuomba mbegu ya pili.

Kipimo ambacho wataalamu wengi hutumia ni milimita 20 ndani ya siku mbili tatu, bila kiangazi kirefu kufuata. Milimita 20 ni lita 20 kwa kila mita moja ya mraba, yaani mtungi mmoja mzima.

Na ukiskia utabiri wa msimu unasema "asilimia 45 mvua juu ya kawaida", haimaanishi mvua itaongezeka kwa 45. Inamaanisha kuna nafasi 45 kati ya 100 msimu uwe wa mvua nyingi. Zile 55 zimebaki kwa mvua ya kawaida au pungufu.

Basi mbona utume doo sasa?

Kwa sababu wiki hii kavu ndiyo wiki ya kazi. Matuta ya fanya juu yanarekebishwa sasa, mifereji ya paa inafagiliwa sasa, tangi linazibwa sasa. Mvua ikianza, kijiji kizima kinakimbilia duka moja siku moja.

Ndengu na mahindi ya Katumani huchukua miezi mitatu hivi. Mvua yenyewe inakaa wiki chache tu. Ukichelewa wiki mbili ukingoja mshahara, umekula sehemu kubwa ya maji ya hiyo mimea.

Wengi Ukambani hupanda kavu kabla mvua ianze, na hiyo ina faida yake. Mwambie mathe asiweke mayai yote kwa kikapu kimoja: apande nusu kavu, nusu abaki nayo hadi udongo ulowe vizuri. Pia apige simu kwa ofisi ya hali ya hewa ya kaunti. Kila kaunti ina mkurugenzi wake, na utabiri wao wa wiki ni wa bure.

Kwa hivyo usimcheke akikwambia upepo umeanza. Amekusomea kalenda. Tuma ya mbegu leo, ile ya wikendi itajipanga.