Mluzi chini ya gari: hesabu ya mteremko wa Tukuyu hadi Masoko

Tukuyu mjini ni kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Masoko, penye Ziwa Kisiba, ni kama mita 840. Katikati kuna kilomita zipatazo 15, kwa hiyo gari hushuka wastani wa mita 4 na ushee kwa kila mita 100. Si mteremko wa kutisha, ila ni mrefu, na ndiyo maana gari la mtumba likianza kupiga mluzi chini huku, mshukiwa wa kwanza ni breki.

Chukua Noah iliyojaza abiria na mizigo yao, jumla tani 2. Kuishusha mita 660 kunatoa jouli zipatazo milioni 13. Tuseme nusu inamezwa na injini, upepo na matairi. Nusu inayobaki inatosha kuchemsha karibu ndoo nzima ya lita 20 ya maji baridi. Joto lote hilo hupita kwenye pedi na diski, na breki za mbele ndizo hubeba sehemu kubwa.

Kabla ya kwenda gereji, hesabu. Tairi la 195/65 R15 huzunguka takriban mara 500 kwa kilomita. Ukienda kilomita 20 kwa saa, hiyo ni mizunguko karibu 3 kwa sekunde. Ukisikia "kwi, kwi, kwi" tatu kwa sekunde, kelele iko kwenye gurudumu. Propela ya gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma huzunguka kama mara 4 zaidi, kwa hiyo krosi iliyokauka italia mara kumi na kitu kwa sekunde, huwezi hata kuzihesabu. Na kama gari limesimama, injini inawaka na mluzi bado upo, achana na magurudumu. Angalia mikanda ya injini.

Sasa kanyaga breki kidogo. Sauti ikibadilika au ikikatika, uko kwenye breki. Pedi mpya huwa na milimita kama 10 za kusagika. Nyingi zina kibati kidogo kinachoanza kugusa diski zikibaki milimita 2 au 3, na kibati hicho kimewekwa makusudi kikupigie kelele. Lakini usikimbilie kununua: huku wilayani Rungwe mvua hunyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na diski iliyolala kwenye unyevu hushika kutu. Mluzi wa asubuhi unaokwisha baada ya kukanyaga breki mara chache hauna gharama. Kokoto iliyonasa kati ya diski na bati la kinga nayo hulia vibaya mno, na kuitoa ni kazi ya bisibisi.

Bei nitakazotaja ni za mfano tu, weka za duka lako. Pedi za mbele 60,000 na ufundi 20,000: jumla 80,000. Ukipuuza hadi chuma cha pedi kianze kula diski, ongeza diski mbili kwa 200,000, unafika 280,000, yaani mara tatu na nusu. Fundi anayebahatisha akianza na beringi ya 80,000 na ufundi wa 30,000, umetupa 110,000 na mluzi uko palepale. Kifaa kisipopatikana Tukuyu, kinafuatwa Mbeya, kilomita kama 70.

Diski nyingi zimechapwa kwenye chuma chake maandishi "MIN TH" na namba ya milimita. Ikipimwa chini ya hapo, haichongwi tena, inabadilishwa. Mwambie fundi akuonyeshe namba hiyo, na unene wa pedi, tairi likiwa limefunguliwa mbele yako. Ukishuka tena kwenda Masoko, weka gia ndogo tangu juu. Kwenye gari la otomatiki ni 2 au L. Na usilipie kifaa chochote kabla tairi halijatoka.