Kichina chuoni: yasemwayo Mjimwema, kweli au si kweli?

Kijana wa Mjimwema, hapa Songea, akirudi likizo na kusema chuoni anasoma Kichina, majirani humpa maoni yao kwa uhakika mkubwa. Tuyapime.

"Wanafuata pesa tu." Nusu kweli. Taasisi za Confucius zilifunguliwa Chuo Kikuu cha Dodoma na cha Dar es Salaam mwaka 2013, na matumaini ya kazi au ufadhili wa kusoma China huwavuta wanafunzi. Hilo si la kuonea haya. Mwaka 1959 wanasaikolojia Robert Gardner na Wallace Lambert walichapisha uchunguzi wa wanafunzi waliojifunza Kifaransa huko Montreal: waliotaka kuwa karibu na wenye lugha walifanya vizuri kuliko waliotaka manufaa tu. Walipofika Ufilipino baadaye, waliona haja ya manufaa nayo humfikisha mtu mbali. Basi tusimdharau anayetafuta riziki, wala tusidhani hana hamu nyingine. Mwaka 2011 TBC ilipoonyesha tamthilia ya Kichina, "Doudou na Mama Wakwe Zake" kwa sauti za Kiswahili, watu waliona sebule ya Kichina yenye ugomvi wa mkwe na mama mkwe kama wa kwetu. Kutaka kuwajua watu ni sababu kamili.

"Ni mambo mapya." Si kweli. Uhusiano wetu na Wachina ni wa zamani: reli ya TAZARA ilijengwa na Wachina pamoja na Watanzania na Wazambia miaka ya 1970 hadi 1975, na inapita Makambako, pale pale basi la Songea linapoikuta barabara kuu ya Dar es Salaam.

"Kichina hakijifunziki." Si kweli, na uvumi huu ndio unaoniuma zaidi, kwa kuwa unamkatisha mtu tamaa kabla hajaanza. Wengi hutaja hesabu ya saa 2,200 za darasani. Hesabu hiyo ni ya chuo cha wanadiplomasia wa Marekani, kwa wazungumzaji wa Kiingereza. Kichina hutofautisha maana kwa toni nne; Kiswahili hakina toni, lakini lugha nyingi za Kibantu zinazo, Kimatengo cha Mbinga kikiwamo. Aliyelelewa na lugha kama hiyo huenda ana sikio lililokwisha kuzoea. Vitenzi vya Kichina navyo havibadiliki kwa nafsi wala wakati.

Kazi kubwa ni maandishi, yanayotaka mkono urudie kila siku. Hapo ndoto ya mshahara wa mbali haitoshi; mwanafunzi anahitaji kuona anasonga. Mtihani wa Kichina wa HSK, kwa mpangilio wake wa ngazi sita, ulianza na maneno 150, kisha 300, kisha 600. Anayevuka ngazi ya kwanza amepata sababu mpya ya kuendelea, ambayo hakuwa nayo alipojiandikisha.

"Ukikijua, kazi ipo." Si kweli. Mkataba wa chuma cha Liganga na makaa ya Mchuchuma, jirani zetu wa Ludewa, ulisainiwa na kampuni ya Kichina ya Sichuan Hongda mwaka 2011. Zaidi ya miaka kumi ilipita bila mgodi kuanza. Aliyesoma lugha pekee akiusubiri alihitimu mapema mno. Mwenye jiolojia, uhasibu au ufundi umeme, akaongeza Kichina, ana cha kufanya Dodoma, Kariakoo au hapa Songea huku Liganga ikisubiriwa.