Kanso Ilienda Wapi?

Ndugu wanakikundi, hapa Machakos bado tunasema "ploti ya kanso". Tukumbushane. Sheria ya 1924 ilileta mabaraza ya wenyeji. Baada ya Uhuru wa 1963 tukawa na Kaunti Kaunsil ya Masaku. Sheria ya 1969 iliinyang'anya kanso shule za msingi, zahanati na barabara. Ikabaki na masoko, leseni na ardhi iliyoshika kwa niaba ya wananchi. Machi 2013 ilivunjwa, serikali ya kaunti ikaingia.

Basi, kama kikundi chenu kilipewa ploti na kanso, tafuteni barua ya kugawiwa na risiti za kodi, mwende nazo ofisi za kaunti mkahakikishe jina lenu limo. Msingoje wazee wanaojua mipaka watutoke.