Kisichokusanywa hakiibwi: Jinsi shirika linavyolinda siri za wanaozuru tovuti yake

MTU anapofungua tovuti ya benki, hospitali, shule au gazeti, huwa ameacha nyayo kabla hajaandika hata herufi moja. Seva inayohifadhi tovuti hiyo hunakili anwani ya kimtandao ya kifaa chake, aina ya programu anayoitumia, ukurasa aliousoma na saa aliyoufungua.

Akijaza fomu ya kuomba basari au ya kuweka miadi na daktari, huongeza jina lake, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu na pengine hata maradhi yanayomsumbua. Yote hayo hubaki mikononi mwa watu asiowajua.

Ndiyo maana chini ya kurasa nyingi za mtandao pana maandishi madogo yanayoitwa Sera ya Faragha. Wengi huyapita bila kuyasoma, wakidhani ni pambo la mawakili. Ilhali hiyo ndiyo ahadi ambayo mwenyeji amempa mgeni wake, na nchini Kenya ahadi hiyo inasimamiwa na sheria.

Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo haki ya kutotakiwa kutoa, bila sababu ya lazima, habari zinazohusu familia au mambo yake ya kibinafsi. Haki hiyo ilitiwa nguvu na Sheria ya Ulinzi wa Data iliyoanza kutumika Novemba 25, 2019. Mwaka uliofuata, Bi Immaculate Kassait aliapishwa kuwa Kamishna wa kwanza wa Data nchini.

Kukusanya kidogo

Kinga ya kwanza haihitaji mtambo wala mtaalamu. Ni uamuzi wa shirika kutokusanya kile lisichokihitaji. Sheria yenyewe inataka maelezo yanayochukuliwa yawe ya kutosha, yanayohusiana na shughuli iliyokusudiwa, na yasiyopita kiasi.

Kwa mfano, gazeti linalotaka kumtumia msomaji habari za asubuhi kwa barua-pepe linahitaji anwani ya barua-pepe tu. Likimuuliza tarehe ya kuzaliwa, dini na nambari ya kitambulisho, litakuwa limejitwika mzigo usiolifaa na kumweka msomaji hatarini bila sababu. Mwizi akiingia ghalani hawezi kubeba gunia ambalo halikuwekwa humo.

Kabla ya kuchukua maelezo yoyote, shirika linapaswa kumweleza mhusika mambo kadhaa: kwamba maelezo yake yanachukuliwa, yanachukuliwa kwa kusudi gani, ni nani wengine watakaopewa, yatalindwa vipi, na kama ni lazima ayatoe au ni hiari yake. Anapaswa pia kuelezwa yatakayotokea akikataa. Sera ya faragha isiyojibu maswali hayo ni debe tupu.

Idhini nayo ina masharti. Shirika linalodai kwamba mtu alikubali ndilo linalotakiwa kuthibitisha hivyo, na mtu huyo ana uhuru wa kuiondoa idhini yake wakati wowote. Kwa mtoto, anayeidhinisha ni mzazi au mlezi wake.

Vidakuzi ni nini?

Jambo linalowatatiza wengi ni ule ujumbe unaomtaka mgeni akubali au akatae vidakuzi. Kidakuzi ni faili ndogo ya maandishi ambayo tovuti huiweka katika tarakilishi au simu ya mgeni ili imtambue anaporudi. Kilibuniwa mwaka wa 1994 na Lou Montulli, mhandisi wa kampuni ya Netscape ya Marekani, wakati ambapo tovuti hazikuwa na njia ya kukumbuka kile ambacho mnunuzi alikuwa amechagua alipohama kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine.

Vidakuzi vya aina hiyo havina ubaya. Bila hivyo, mteja wa benki angelazimika kuandika neno lake la siri kila anapofungua ukurasa mpya.

Tatizo huzuka kwenye vidakuzi vya watu wa tatu, hasa kampuni za matangazo. Kampuni moja ikiwa na tangazo kwenye tovuti ya habari, ya mavazi na ya dawa, inaweza kumtambua mgeni yule yule katika zote tatu na kuunganisha alichokisoma, alichokitamani na kinachomuuma. Shirika linalojali wageni wake huvitenga vidakuzi hivyo na vile vya lazima, hueleza kazi ya kila kundi, na huweka kitufe cha kukataa mahali panapoonekana kama kile cha kukubali.

Kufuli na funguo

Maelezo yakishakusanywa, hulindwa katika hatua mbili: yakiwa safarini na yakiwa ghalani.

Safarini, kati ya simu ya mgeni na seva, hugeuzwa kuwa mafumbo ili anayeyadaka njiani asiyaelewe. Tovuti yenye kinga hii huwa na anwani inayoanza kwa herufi 'https'. Tangu Julai 2018, programu ya Chrome imekuwa ikimtahadharisha mtumiaji anapofungua tovuti isiyokuwa nayo. Hata hivyo, herufi hizo zinaonyesha tu kwamba njia ni salama. Hazithibitishi kwamba mwenye tovuti ni mwaminifu. Hata walaghai huzitumia.

Ghalani, shirika makini halihifadhi neno la siri kama lilivyoandikwa. Hulipitisha kwenye hesabu maalumu inayolisaga na kuacha mfululizo wa herufi na tarakimu. Jinsi unga usivyoweza kurudi kuwa mahindi, ndivyo mfululizo huo usivyoweza kurudishwa kuwa neno la awali. Mteja anaporejea, neno analoandika husagwa tena na matokeo kulinganishwa na yale yaliyohifadhiwa. Mtu akiuliza neno lake la siri alilolisahau na shirika likamtumia lile lile la zamani, basi ajue kuwa kinga hiyo haipo.

Lakini kufuli haimzuii aliye na ufunguo. Kwa hivyo mashirika huwawekea mipaka wafanyakazi wao: karani wa mapokezi huona miadi ya mgonjwa bila kuona matokeo ya maabara, na kila anayefungua faili huacha kumbukumbu ya jina lake na saa aliyoifungua.

Tena, maelezo hayafai kuwekwa milele. Sheria inataka yahifadhiwe kwa muda unaohitajika tu, kisha yafutwe au yaondolewe kila kinachoweza kumtambulisha mwenyewe. Fomu za walioomba kazi na kukosa, zikiachwa katika seva miaka kumi, huwa mali ya bure kwa mdukuzi.

Mambo yanapoharibika

Hakuna ukuta usioweza kupandwa. Mwishoni mwa Julai 2023, tovuti ya eCitizen, ambayo kwayo Wakenya hupata huduma za serikali, ilivamiwa na huduma zikatatizika. Serikali ilisema hakuna data iliyopotea. Uvamizi ulikuwa wa kuifurika tovuti kwa maombi mengi mno hadi ikalemewa, jambo ambalo ni tofauti na kuvunja ghala na kuiba kilichomo.

Pale ambapo maelezo yamefikiwa na mtu asiyeruhusiwa na pana hatari ya kweli ya kumdhuru mwenyewe, shirika hutakiwa kumjulisha Kamishna wa Data katika muda wa saa 72 tangu lilipong'amua. Wenye maelezo hayo pia hutakiwa kuarifiwa, ili wabadilishe maneno ya siri na kuwa macho dhidi ya matapeli. Shirika linaloficha uvujaji huwanyima wateja wake nafasi hiyo ya kujikinga.

Sheria hii imeshauma. Mnamo Desemba 2022, kampuni ya simu ya Oppo Kenya ilitozwa faini ya Sh5 milioni baada ya picha ya mtu kutumiwa kwenye ukurasa wake wa Instagram bila idhini, na agizo la Kamishna kutotekelezwa.

Septemba 2023 ilikuwa zamu ya mashirika matatu. Shule moja ilitozwa Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila ruhusa ya wazazi wao. Kampuni ya mikopo ya simu ilitozwa Sh2.975 milioni kwa kutumia majina na nambari za watu ilizopata kutoka kwa wengine, kisha kuwasumbua watu hao kwa jumbe na simu za vitisho. Nayo klabu ya burudani ilitozwa Sh1.85 milioni kwa kuanika picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake.

Katika kesi hizo zote hapakuwa na mdukuzi. Madhara yaliletwa na wenye ghala wenyewe, waliotumia walichokuwa nacho kwa namna ambayo mwenyewe hakuikubali. Hilo ndilo fundisho ambalo mashirika mengi hulisahau yanapotumia fedha kununua kinga za mitambo.

Serikali nayo haikusazwa. Mnamo Oktoba 2021, Mahakama Kuu ilibatilisha utoaji wa kadi za Huduma kwa sababu tathmini ya athari kwa ulinzi wa data haikuwa imefanywa kwanza, jinsi sheria inavyotaka.

Haki ya anayezuru

Mwananchi hakuachwa mikono mitupu. Ana haki ya kuliuliza shirika lina maelezo gani kumhusu na kuonyeshwa. Ana haki ya kupinga maelezo hayo yasitumiwe, ya kutaka yarekebishwe yakiwa na makosa, na ya kutaka yafutwe yakiwa ya uongo au ya kupotosha.

Asiporidhishwa, anaweza kuwasilisha malalamishi kwa afisi ya Kamishna wa Data, ambayo inapaswa kuyachunguza na kuyakamilisha katika siku 90. Shirika likipatikana na hatia laweza kutozwa hadi Sh5 milioni au asilimia moja ya mapato yake ya mwaka uliotangulia, kutegemea kiasi kilicho cha chini.

Hata hivyo, faini haimrudishii mtu siri yake. Neno la siri hubadilishwa, na hata kadi ya benki hufutwa ikatolewa nyingine. Lakini tarehe ya kuzaliwa, alama za vidole na historia ya maradhi havina badala. Maji yakimwagika hayazoleki. Kwa sababu hiyo, swali la kwanza kwa anayeunda fomu na kwa anayeijaza linafaa kuwa moja: Je, hili lina haja gani hapa? Pasipo jibu, nafasi hiyo na iachwe wazi.