Simu Ikiwa na Mipangilio Mibaya, Huduma Haipaswi Kukwama

Mkulima wa kahawa wa Nkoaranga, kwenye miteremko ya kusini ya Mlima Meru, na mwenzake wa nyanya wa Ngarenanyuki, upande wa pili wa mlima, siku hizi wanahitaji simu karibu kama wanavyohitaji jembe. Tangu msimu wa 2022/2023, mkulima husajiliwa katika mfumo wa kidijitali ili apate mbolea ya ruzuku, na malipo ya huduma za Serikali hufanyika kwa kumbukumbu namba ya Mfumo wa Kielektroniki wa Malipo ya Serikali (GePG). Mfumo ukimkataa mtumiaji kwa sababu simu yake imepangwa vibaya, masika hayatamsubiri.

Hitilafu iliyo ya kawaida ni ya saa na tarehe. Asubuhi, mtu aliyezoea saa za Kiswahili akiandika 2:00 kwa maana ya saa mbili, simu ya mfumo wa saa 24 huelewa kuwa ni saa nane usiku, hivyo hubaki nyuma kwa saa 6. Mfumo unaopima mwisho wa kupokea maombi kwa saa ya simu humpa mtu huyo muda usio sahihi. Dawa yake ni kutumia saa ya seva, ambayo ni moja kwa watumiaji wote.

Hitilafu ya pili ni namna ya kuandika namba. Namba ya Kitambulisho cha Taifa ina tarakimu 20, na kwenye kadi hutenganishwa kwa vistari. Mwananchi anaweza kuiandika pamoja na vistari, bila vistari, au kwa kuacha nafasi. Namba ya simu nayo huandikwa kwa kuanza na 0, 255 au +255. Maana ni ileile, hivyo programu iliyotengenezwa vizuri huondoa alama hizo yenyewe na kuendelea na kazi.

Hitilafu ya tatu ni simu kuukuu. Tarehe 30 Septemba 2021, cheti mama kilichotegemewa na tovuti nyingi duniani zinazotumia huduma ya Let's Encrypt kilifikia kikomo. Simu za Android za kabla ya toleo la 7.1.1 hazikukitambua cheti kipya cha taasisi hiyo, na zingeshindwa kufungua tovuti hizo. Watoa huduma hao waliandaa mapema njia ya kuziwezesha kuendelea kwa takriban miaka 3 zaidi, badala ya kuwataka wamiliki wake wanunue simu nyingine.

Kwa asiye na simu janja, menyu ya *152*00# humfikisha kwenye huduma mbalimbali za Serikali bila intaneti.

Hata hivyo, uvumilivu una mpaka. Pale maana ni moja, mfumo usahihishe. Pale maana ni mbili, uulize: 03/04 ni tarehe 3 Aprili kwa Mtanzania, lakini kwa simu yenye mipangilio ya Marekani ni Machi 4. Kumbukumbu namba ya malipo iliyopungua tarakimu moja haikisiwi kamwe, kwani fedha zinaweza kulipia ankara ya mtu mwingine.

Pale usalama unapoguswa, mfumo ukatae, lakini ueleze sababu. Simu inayoamini kuwa bado ni mwaka 2015 huona cheti cha tovuti ya leo hakijaanza kutumika. Kupuuza onyo hilo ni kuwafungulia matapeli mlango. Programu inaweza kutambua kuwa tarehe ya simu imetangulia tarehe ambayo programu yenyewe ilitolewa, kisha ikamwambia mtumiaji: “Tarehe ya simu yako si sahihi, irekebishe.” Ujumbe huo humsaidia kuliko neno “Hitilafu” peke yake.

Mwananchi naye anashauriwa kuruhusu simu ipokee saa na tarehe yenyewe kutoka kwenye mtandao, kufuta ujumbe wa zamani ili kumbukumbu ya simu isijae, na kuhakiki jina la mlipwaji na kiasi kabla ya kuthibitisha malipo. Akihitaji msaada, amwoneshe mtoa huduma ujumbe wa hitilafu alioupata, bila kumtajia namba yake ya siri.