Mboji ya Kongo: Kweli au Uongo?

"Kinamasi ni ardhi mfu."

Uongo. Zamisha bomba la kupimia udongo kwenye kinamasi cha karibu na Mbandaka, kisha livute. Linatoka na tope jeusi lenye majani na vijiti ambavyo bado unavitambua kwa macho, ingawa vilianguka maelfu ya miaka iliyopita. Maji yalivifunika, hewa haikufika, havikuoza. Hiyo ndiyo mboji ya kinamasi. Wanyarwanda huiita nyiramugengeri, nao huichoma kufua umeme. Kongo mbili, ya Kinshasa na ya Brazzaville, zina kilomita za mraba zipatazo 167,600 za ardhi hii, theluthi mbili yake upande wa Kinshasa. Kaboni iliyolala humo ni tani bilioni 29 hivi, karibu sawa na iliyomo kwenye miti yote ya Bonde la Kongo.

"Wazungu waliigundua mwaka 2017."

Nusu kweli. Ramani ya kwanza ilitoka mwaka huo, lakini pamoja na wanasayansi Simon Lewis na Greta Dargie wa Uingereza alikuwepo Suspense Ifo wa Brazzaville. Wavuvi, kwa upande wao, walikuwa wakikipita kinamasi hicho tangu enzi za mababu. Kipya kilikuwa hesabu ya kaboni.

"Ikiharibika, tutapanda miti."

Hapa waulizeni Waindonesia. Mwaka 1996 Rais Suharto alitaka kugeuza hekta milioni moja za Kalimantan ya Kati kuwa mashamba ya mpunga. Ikachimbwa mitaro ya maelfu ya kilomita. Mpunga ukagoma, maji yakaondoka, na mboji ikikauka huwa kuni. Moto wake hutambaa chini kwa chini: unauzima hapa, unafukuta pale. Mwaka 2015 moshi ulifika hadi Singapore na Malaysia. Mwaka uliofuata serikali iliunda wakala wa kurejesha ardhi hiyo, na kazi ya kwanza haikuwa miche bali kuziba mitaro ili maji yarudi. Hata hivyo, mboji iliyokauka kupita kiasi hukataa kunywa maji tena. Ndiyo maana naliheshimu Azimio la Brazzaville la Machi 2018, lililozikutanisha Indonesia na Kongo mbili: aliyeungua akimwonya jirani ambaye nyumba yake bado nzima.

"Kongo imeshalipwa, basi kinamasi kiko salama."

Uongo, tena mara mbili. Kule Glasgow, kwenye mkutano wa tabianchi wa Novemba 2021, Kinshasa iliahidiwa dola milioni 500 kwa miaka mitano ya mwanzo. Ahadi si fedha mkononi. Julai 2022 Kinshasa ikanadi vitalu 27 vya mafuta, baadhi vikiwa juu ya mboji. Mnada ulifutwa Oktoba 2024, na mwaka 2025 vikatangazwa vitalu vingine zaidi ya 50. Kabla hata tone la mafuta halijatoka, tuta la barabara ya kupitishia mitambo linatosha kuzuia maji upande mmoja na kuukausha wa pili.