Lishe bora hupunguza sumu ya risasi mwilini

TUMBO tupu hufyonza madini ya risasi kwa wingi kuliko lililoshiba, na wanaoathirika zaidi ni watoto. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kuwa mtoto hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima.

Sumu hiyo hutoka katika rangi za zamani, vumbi na betri chakavu. Ndivyo ilivyokuwa katika mtaa wa mabanda wa Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kilifungwa mwaka 2014.

Utumbo huipitisha risasi katika njia zile zile za madini ya chuma na kalsiamu. Madini hayo yakipungua mwilini, risasi hupata nafasi. Ndiyo sababu dagaa, maziwa, maharagwe na mboga za majani husaidia kuizuia, pamoja na machungwa na mapera, ambayo vitamini C yake huwezesha chuma kufyonzwa vyema.

Hata hivyo, chakula hakiondoi risasi iliyokwishajikita katika mifupa, wala hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Kinga ya kwanza ni kuondoa chanzo, na mtoto anayeshukiwa kudhurika apimwe damu hospitalini.